Mahali pa Kuketi

Mhadhara uliotolewa mtaani Milimani, Nakuru



Ukitoka mjini kwa barabara ya Nairobi, kabla hujafika Lanet, utaona kilima kidogo cha mawe kiitwacho Hyrax Hill. Wengi wetu tulipelekwa pale tukiwa wanafunzi. Mary Leakey alichimba pale kuanzia mwaka 1937, na leo ni makumbusho. Wageni huonyeshwa makaburi, vigae vya vyungu na mashimo yaliyochimbwa na watu wa kale. Mimi huishia kwenye mwamba wenye safu za vishimo vilivyochongwa. Ni bao. Limekatwa ndani ya jiwe lenyewe, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kulibeba kwenda nalo kwake. Watu walioishi katika bonde hili kabla yetu walikuwa na mifugo ya kulinda, ukame wa kuvuka na maadui wa kuhofia. Hata hivyo walipata muda wa kugonga jiwe kwa jiwe, kishimo baada ya kishimo, mpaka wakawa na mahali pa kuketi na kucheza. Tena walipachonga mahali ambapo kila apitaye angepaona.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kupumzika na kupata nguvu mpya katika jiji lenye pilkapilka, wakati mambo ni magumu. Mada ya namna hii kwa kawaida hujibiwa kwa mashauri ya mtu mmoja mmoja: lala mapema, weka simu mbali, vuta pumzi, mshukuru Mungu. Ni mashauri mema, nami huyafuata. Lakini nikiyatoa hapa Milimani kisha nikayatoa katika mitaa ya msongamano kama Kaptembwa au Rhonda, hayatakuwa na uzito ule ule. Mama anayelala na watoto wanne katika chumba kimoja kilichopakana na baa hawezi kulala mapema kwa kuamua tu. Kwa hiyo jioni hii nitashikilia jambo moja: pumziko ni suala la ardhi na la saa kabla halijafika moyoni. Mji ukigawa ardhi na saa vibaya, umegawa uchovu vibaya pia, na mgao huo haurekebishwi kwa mahubiri.

Tuanze na ardhi.

Reli ilifika hapa mwaka 1900, na kituo kikazaa mji. Hesabu ya watu ya 2019 ilitukuta tukiwa 570,674. Tarehe 1 Desemba 2021 tukakabidhiwa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Ila ramani tuliyopandishwa hadhi nayo, kwa sehemu kubwa, ni ile iliyochorwa wakati wa ukoloni, na ukiisoma kwa jicho la mtu aliyechoka inakueleza mengi. Wazungu walijitengea mteremko huu wa kaskazini, chini ya Menengai, penye upepo, viwanja vipana na mijakaranda kando ya barabara. Wahindi waliwekwa karibu na maduka. Waafrika wakajengewa kule chini, upande wa ziwa: Bondeni, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo. Vilikuwa vyumba vya manispaa, vidogo, bomba la pamoja na choo cha pamoja.

Vyumba vile havikuwa vidogo kwa sababu ya uhaba wa ardhi. Ardhi ilikuwepo tele. Vilikuwa vidogo kwa sababu mwenyewe hakutarajiwa kuishi ndani yake. Mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kuja, kufanya kazi, kisha kurudi alikotoka. Familia yake ilikuwa kule, uzee wake ulikuwa kule, na pumziko lake pia lilikuwa kule. Mji ulimtaka akiwa macho tu. Akitaka kupumzika, apande gari moshi aende ushago.

Fikra hiyo bado tunayo, na tumeipokea kana kwamba ni desturi yetu. Muulize mtu wa Nakuru atapumzika lini, atakuambia Desemba, akienda nyumbani. Miezi kumi na mmoja ya mwaka anaishi mahali ambapo hapaiti nyumbani, akivumilia kelele, maji ya mitungi na giza la ngazini, kwa sababu si pa kudumu. Kisha watoto wake, waliozaliwa hapa na wasiojua kijiji kingine, wanakua wakiamini kwamba mji ni pa kuvumilia.

Kwa wengi wetu hata ushago huo ulichukuliwa. Watu wa kaunti hii hawahitaji kukumbushwa ghasia za Molo mwaka 1992, wala za Njoro mwanzoni mwa 1998, wala za Kuresoi. Mwishoni mwa Januari 2008 moto uliingia mjini wenyewe. Uwanja wa maonyesho ya kilimo, pale ambapo watoto walikuwa wakienda kuona ng'ombe wa maziwa na kula pipi za pamba, uligeuka kambi ya hema. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika ghasia zile za baada ya uchaguzi. Waliofika uwanjani wakiwa na godoro na sufuria walikuwa wamepoteza kwa mkupuo mmoja mahali pa kazi na mahali pa kupumzikia.

Naligusa jambo hili kwa uangalifu, maana humu ukumbini wamo walioondoka wakikimbia na wamo waliowahifadhi. Lakini mtu akizungumzia pumziko Nakuru akaliruka hili, atakuwa anazungumzia mji mwingine. Kuna uchovu hapa ambao hautokani na kazi. Kila uchaguzi unapokaribia, utaona mabasi yakijaa kina mama na watoto wanaopelekwa mbali. Utasikia mtu anakueleza, bila hata kushusha sauti, kwamba kitambulisho, cheti cha shamba na vyeti vya shule vya watoto ameviweka katika mfuko mmoja karibu na mlango. Alifanya hivyo 2013, 2017 na 2022. Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Mtu anayelala na mfuko mlangoni hapumziki hata akipewa saa kumi za usingizi. Amani ya mtaa ndiyo godoro la kwanza, na wanaoichezea majukwaani wajue kwamba wanaharibu usingizi wa watu ambao hawatawahi kukutana nao.

Miaka kumi na mitatu baada ya ghasia za 2008 tulipata somo jingine kuhusu ardhi. Tarehe 26 Machi 2021, korona ikiwa imepanda tena, Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Kafyu ikaanza saa mbili usiku, ibada za ana kwa ana zikasitishwa, baa zikafungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka katika kaunti hizo tano wala kuingia mpaka Mei Mosi. Njia ya ushago ikakatika. Kwa wiki tano kila mtu alibaki na mahali alipopewa na mji. Hapa Milimani tulikuwa na bustani za nyuma. Watu walipanda sukuma wiki, walisoma vitabu walivyonunua zamani, na wengine walikiri kwamba hawajawahi kulala vizuri vile. Kule chini, nyumba ya chumba kimoja ilikuwa shule, jiko, karakana na chumba cha mgonjwa kwa wakati mmoja. Serikali ilitoa amri moja kwa wote. Wengine ikawapa likizo, wengine ikawafunga.

Siyasemi haya kuwalaumu wenye bustani. Bustani ni jambo zuri, na natamani kila mtoto wa Nakuru awe na mti anaoujua kama anavyomjua jirani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti mdogo uliosomwa sana. Alichunguza kumbukumbu za wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa penye dirisha linalotazama miti, na nusu penye dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema zaidi na walihitaji dawa chache kali za maumivu. Bibi zetu wasingeshangaa kusikia hivyo. Kwangu uzito wa utafiti ule uko mahali pengine: wagonjwa wale hawakuchagua vitanda vyao. Ni mpangilio wa jengo uliowaamulia.

Basi tujiulize, mtu wa Nakuru asiye na bustani yake anaweza kuketi wapi, chini ya mti, bila kulipa na bila kufukuzwa?

Atakwenda ziwani, mtasema. Ziwa ni fahari yetu. Lilihifadhiwa kwa ajili ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, likawa hifadhi ya taifa 1968, likaingia orodha ya Ramsar 1990, na mwaka 2011 likatambuliwa kuwa urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Nani asiyejivunia? Lakini hifadhi yote imezungushiwa uzio wa umeme, na kwa sababu nzuri, maana ndani yake kuna vifaru, nyati na simba. Lango lake lina kiingilio, na ndani hutembei kwa miguu, unahitaji gari. Baba mwenye watoto watatu anayeishi kwa kibarua atatumia ujira wa siku kadhaa kwa mchana mmoja. Watoto wengi wa Mwariki, mtaa ulio karibu na ziwa, wamelijua kwa namna nyingine, lilipoanza kupanda miaka ya 2010, likameza lango kuu la zamani na kuingia mashambani na majumbani mwao. Heroe, ambao chakula chao ni mwani wa maji ya magadi, walipungua maji yalipozidi kuwa mepesi, na wengi wakahamia Bogoria. Ziwa lina mambo yake makubwa. Haliwezi kubeba pia kazi ya kuwa bustani ya mtaa.

Atapanda Menengai, basi. Naam, wengi hupanda. Jumapili alasiri utakuta vijana wakipandisha kwa miguu kupitia msitu, kina dada wakienda kwa makundi kwa ajili ya usalama, mpaka ukingoni penye mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, ambapo ardhi inaporomoka ghafla na kasoko lote linakuwa miguuni mwako. Nimewaona watu wazima wakinyamaza pale bila kuambiwa. Wengine hawaishii ukingoni. Huteremka hadi kwenye mapango ya chini, na huko hufunga na kuomba, siku moja, tatu, wakati mwingine zaidi. Ukizungumza nao utakuta wauguzi, wenye vibanda, walimu waliokosa ajira, wajane. Wakatoliki wana Subukia yao, madhabahu ya Mama Maria yaliyo vilimani, ambako maelfu hukusanyika kila Oktoba katika siku ya maombi ya taifa. Waislamu wana kumi la mwisho la Ramadhani na itikafu msikitini. Dini zote zinajua kwamba mtu huchakaa, na zote zimemtengea mahali na muda wa kujirudisha.

Nawaheshimu wanaoteremka mapangoni. Nina ombi moja tu kwao na kwa wachungaji wao: asiteremke mtu peke yake, asifunge bila maji, na awepo nje mtu anayejua ameingia lini. Mwaka 2023 nchi hii ilifukua miili ya mamia ya waumini waliohimizwa kufunga hadi kufa kule Shakahola. Walikuwa watu waliochoka, wenye kiu ya kuanza upya, na wakampata mtu wa kuitumia kiu hiyo. Ukimwona mtu anauza pumziko kwa masharti ya kuwaacha ndugu zako, kutoa watoto shuleni na kukataa hospitali, ondoka hapo.

Lakini tazameni umbali. Ili mtu wa Nakuru apate kimya, imembidi apande mlima, ashuke ndani ya kasoko la volkano na aingie pangoni. Hiyo inatueleza jinsi mji ulivyomnyima nafasi karibu na kwake. Katikati ya mji tuna Nyayo Gardens. Adhuhuri utamkuta pale kijana mwenye bahasha ya vyeti, mama aliyetoka kumwona mgonjwa, mhubiri, mpiga picha, mzee anayesubiri matatu ya Subukia. Hapo ndipo sebule ya watu wasio na sebule. Jiji la watu zaidi ya nusu milioni linahitaji sebule kama ile katika kila wadi.

Hapa nawaomba mnisindikize hadi pwani. Katika Lamu, Mombasa ya kale na Mji Mkongwe wa Unguja, nyumba za Waswahili zina baraza: kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele, upande wa nje, kando ya njia. Mwenye nyumba ametumia chokaa yake na mawe yake kujenga kiti ambacho hatakikalia peke yake. Jirani ataketi, mgeni ataketi, mchuuzi wa kahawa atatua deli lake hapo. Habari zitapita, mashauri yatatolewa, ugomvi utasuluhishwa, na mzee mjane ambaye nyumbani kwake hakuna wa kusema naye atapata watu kila alasiri. Wale mafundi waliojenga mitaa myembamba, ambamo kila shubiri ya ardhi ina bei, waliona kwamba nyumba inadaiwa kitu na njia. Inadaiwa kivuli na mahali pa kuketi.

Sasa tembeeni Milimani. Barabara zetu zina kivuli ambacho mtaa wowote wa Nakuru ungekionea wivu. Oktoba na Novemba jakaranda huzitandika zambarau. Na kuta zetu, wapendwa, hazina hata jiwe moja la kukalia. Zina vigae vya chupa na nyaya za umeme. Naelewa sababu, nami pia nimewahi kuamshwa na mbwa usiku. Lakini kila siku mamia ya watu hupita chini ya miti hii wakielekea kazini au wakitoka hospitali ya rufaa, na wengi wao wamechoka, wengine ni wagonjwa. Nimemwona mama mjamzito ameketi juu ya jiwe la ukingo wa barabara, miguu ndani ya mfereji, chini ya ukuta uliogharimu mamilioni. Pendekezo langu kwa wenye nyumba ni la gharama ndogo: kila ua utoe benchi moja upande wa nje, la zege au la mbao nzito, chini ya mti uliopo. Mkihofia wezi, wekeni taa juu yake. Njia yenye watu walioketi ni salama kuliko njia tupu.

Nimesema ardhi na saa. Saa ni nzito zaidi, maana zinagusa majumba yetu kwa ndani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila amalizapo miezi kumi na miwili. Haisemi mfanyakazi wa ofisini peke yake. Dada anayelea watoto wetu, anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa uji na kulala baada ya sisi kulala, ni mfanyakazi. Soja anayeingia langoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki, amefanya saa 72. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na magonjwa ya moyo katika mwaka mmoja, 2016. Saa 55. Walinzi wetu walizipita zamani.

Na siku ya mapumziko ya dada ina mtego. Tunampa Jumapili, kisha tunaanza kumpigia simu saa tisa kuuliza yuko wapi. Au tunampa Jumapili lakini hana pa kwenda, kwa sababu chumba chake kiko ndani ya ua wetu na mji hauna kiti kwa ajili yake. Basi anabaki, na akibaki, mtoto akilia ataitwa. Siku yake ya kupumzika inaliwa vipande vipande bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Hapo ndipo ardhi na saa vinapokutana: haki ya saa bila mahali pa kuitumia huyeyuka. Mwenye nyumba akitaka kulijaribu hili, ajiulize tu, dada wangu huketi wapi Jumapili?

Wapo wasio na mwajiri, na sheria niliyoitaja haiwafikii. Mama mboga aliye katika soko la Wakulima kabla ya mapambazuko kupokea magunia, kijana wa boda boda ambaye pikipiki ni ya mkopo na malipo ni ya kila siku, mchuuzi anayekimbizwa na kanjo. Bei ya unga na mafuta ikipanda, hao huongeza saa, kwa kuwa saa ndizo mali pekee waliyo nayo. Husikia methali ikisema ajizi ni nyumba ya njaa, nao wanaiogopa kwa haki, maana njaa wanaijua kwa jina. Naiheshimu methali hiyo. Inamkemea mtu aliyekaa huku kazi ikimsubiri. Haikutungwa kumhukumu mwendesha boda boda anayesinzia juu ya pikipiki saa nne usiku kwenye barabara kuu, akiwa na abiria nyuma. Huyo amefanya kazi kupita kipimo cha mwili, na wodi za majeruhi zinamjua.

Kwa watu hawa nimeona dawa moja ikifanya kazi, nayo ni chama. Kina mama wenye meza jirani sokoni hupokezana: Jumatano wewe lala, mimi nitauza zako, Ijumaa nitalala mimi. Hakuna ruzuku wala warsha, ni kuaminiana na daftari la hesabu. Vijana wa steji moja ya boda boda wanaweza kuweka akiba ya pamoja inayomlipia mwenzao rejesho la siku anapougua au anapomzika mtu wake. Siku moja ya kupumzika iliyolipiwa na wenzako inarudisha nguvu kwa namna ambayo siku ya kujificha haiwezi, kwa kuwa unapumzika ukijua kuna mtu amekushikia mahali pako. Wengi wetu tumejifunza jambo hili msibani. Mtu aliyefiwa hurudishiwa nguvu na wanaokuja kupika, kuteka maji na kukesha naye. Haachwi peke yake ajifariji.

Niongeze neno juu ya kelele, maana kelele huiba ardhi na saa kwa pamoja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele, na kanuni za taifa kuhusu kelele zipo tangu 2009. Naomba viongozi wa makanisa, wenye baa na wenye matatu wanielewe vyema. Mungu anayesikia maombi ya pangoni Menengai husikia pia maombi yasiyo na vipaza sauti vinavyoelekezwa dirishani kwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Mkesha uwe ndani ya kuta. Muziki wa baa uwe wa walio ndani ya baa. Katika mitaa yenye kuta nyembamba, kumpunguzia jirani sauti ni sadaka halisi, na haigharimu kitu.

Jedwali hilo hilo la Nne limezikabidhi kaunti bustani za umma na maeneo ya burudani. Kwa hiyo tukiomba viti, miti na vyoo safi katika kila wadi, hatuombi hisani. Tunajua pia kwamba nafasi ya umma hailindwi kwa kusubiri. Mwaka 1989 chama tawala kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai akaandika barua, ofisi baada ya ofisi, ndani ya nchi na nje. Alitukanwa bungeni, akaambiwa mambo ambayo mwanamke hapaswi kuambiwa na wabunge wake. Wafadhili wakajitoa, jumba halikujengwa. Hoja yake ilikuwa rahisi: wale wasio na bustani majumbani mwao wangekwenda wapi Jumapili? Alielewa kwamba nyasi zile zilikuwa mali ya mtu maskini, na kwamba kuzichukua ni kumnyang'anya.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Kabla ya hapo kuna vikao vya ushirikishaji wa umma, ambavyo watu wa Milimani huwa hatuhudhurii, kwa kuwa tunadhani ni vya watu wenye shida ya maji na barabara. Twendeni safari hii. Tukifika, tusiombe kitu kwa ajili ya mtaa huu, kivuli tunacho. Tuwaunge mkono watu wa Kaptembwa, Rhonda, Kivumbini na Barut watakaposimama kuomba kiwanja kimoja katika kila wadi kiandikishwe kwa jina la umma, kipimwe, kiwekewe alama za mipaka kabla hakijapata mwenyewe, kipandwe miti ya kivuli na kiwekwe viti visivyo na bei. Wanaojua kuandika barua za ofisi ni wengi humu ukumbini: mawakili, walimu, wastaafu wa iliyokuwa ofisi ya mkoa. Ujuzi huo ndio tulio nao zaidi ya majirani zetu wa kule chini, na barua hugharimu karatasi na alasiri moja. Nimeleta rasimu ya ombi hilo, iko mezani karibu na mlango, na pembeni yake kuna karatasi ya pili kwa wenye nyumba walio tayari kuweka benchi nje ya ua wao. Kalamu zipo.